Mwandishi msafiri wa enzi za ukoloni: mwache binti yako amwandike, ila asome na upande wa pili

Dada yangu, umeuliza kama binti yako aandike habari za msafiri May French Sheldon kwa kazi yake ya historia, maana unahofia atamsifu mkoloni. Mwache amwandike. Huyu Mmarekani aliondoka Mombasa mwaka 1891 akiongoza msafara wake mwenyewe hadi Taveta na miguu ya Kilimanjaro, wakati ambapo wengi waliamini mwanamke hawezi hata kuwaza safari ya namna hiyo. Alilizunguka ziwa Chala, akakutana na machifu akiwa amevaa gauni la sherehe na nywele za bandia za rangi ya dhahabu. Kitabu chake kilitoka 1892, na mwaka huohuo akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kupokelewa katika Royal Geographical Society, chama cha wanajiografia cha London.

Lakini mwambie asiishie hapo. Nani alibeba mizigo, mahema, na machela aliyolalia bibi huyo? Zaidi ya wapagazi 100, wengi wao kutoka Unguja. Bila miguu na migongo yao hapana safari wala kitabu. Hilo mimi linaniuma kila ninapomsoma, kwani majina yao hayajulikani kama lake.

Tena asiruke safari ya Kongo ya 1903 na 1904. Watu walikuwa wakikatwa mikono kwa ajili ya utomvu wa mpira, naye akarudi kuutetea utawala wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji aliyeimiliki Kongo. Sehemu hiyo aipe ukurasa mzima.