Simu za wenzako

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Huku Mombasa tu wazima, joto tu. Umeniuliza wenzako hapo kazini, mnaolipwa sawa, watoa wapi pesa za simu mpya hali wewe yako ina kioo chenye ufa tangu mwaka jana. Na umeuliza kama nawe ukope.

Wengi wao, mwanangu, bado wanazilipia. Safaricom na Google walipoanzisha Lipa Mdogo Mdogo, mpango wa kulipia simu kidogo kidogo, mwaka 2020, tangazo lilikuwa shilingi 20 kwa siku, na shilingi 20 nani hana? Siku hizi wauzaji wa namna hiyo wamejaa kila mtaa. Chukua mfano wa simu ya 22,000 taslimu. Watoa arbuni 4,000, kisha 90 kila siku kwa mwaka mzima. Piga hesabu: hizo 90 peke yake ni 32,850, na ukijumlisha arbuni ni 36,850. Umelipa karibu 15,000 zaidi, na ukikosa kulipa, simu yajifunga ikiwa mfukoni mwako. Hapo hata kunipigia huwezi.

Hata hivyo siwalaumu wote. Kijana wa boda anayepata wateja kwa simu, ile 90 yatoka kwenye kazi ya simu yenyewe. Mwache alipe. Wewe yako itakuongezea nini kwenye mshahara, ila picha?

Kuna wanaochanganya mikopo ya M-Pesa: kidogo M-Shwari, kidogo Fuliza. M-Shwari ilipoanza 2012, ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Yaonekana ndogo, lakini huo ni mwezi mmoja tu, na anayekopa ili alipe mkopo wa jana huilipa tena na tena. Fuliza nayo hukata deni pesa zinapoingia tu M-Pesa, kwa hiyo mshahara ukipitia humo wafika umeshamegwa. Wajua mimi na riba hatukai mkeka mmoja, lakini hata asiyejali dini na aitazame hesabu.

Sisi hapa sokoni Kongowea tuna chama chetu cha kuchangiana. Tuko 11, kila mwezi kila mtu atoa 2,000, mmoja apokea 22,000. Wa kwanza kwenye zamu ni kama amekopeshwa na wenzake bila nyongeza, wa mwisho ni kama ameweka akiba kwa lazima. Ndiyo maana kupanga zamu kuna kelele kuliko harusi! Mwenye karo ya Januari huomba atangulie, na asiye na haraka humpisha, maana mwakani zamu yake ya kuomba itafika. Kinachotufunga ni kuoneana haya. Ukipokea mapema kisha ukaacha kutoa, utapita wapi sokoni?

Tafuta wenzako sita au saba unaojua kwao, muanze. Asiyejulikana kwao msimwingize, hata awe na mshahara mnono. Zamu yangu ya mwezi ujao nimeshaiwekea mabati, usiikodolee macho.

Kwa sasa, kioo kibadilishe hapo Nairobi, kwa mafundi wa simu wa Luthuli. Na ukiona lazima ukope, mwambie muuzaji akuandikie bei ya taslimu na jumla ya malipo yote hadi siku ya mwisho. Nitumie tarakimu hizo mbili kabla hujatoa arbuni. Baba yako akusalimu, auliza kama ule mto wa kulalia umekufikia.

Mamako