Kamera ya basi inacheza? Anza na breketi, menyu baadaye

Mleta mada, umesema kamera ya mbele ya basi lako inacheza mpaka namba za magari hazisomeki, ukawasha EIS (programu ya ndani ya kamera ya kutuliza picha) kwenye menyu na picha ikazidi kuharibika. Pole mkuu, nimepita humo humo. Nafunga kamera kwenye mabasi na malori, mara chache kwenye boti, na hiyo EIS huwa naigusa mwisho kabisa.

Washa injini, liache gari kwenye sailensa (injini iungurume bila kukanyaga mafuta), kisha weka kidole kwenye breketi, kile chuma kinachoishikilia kamera, halafu kwenye bodi pembeni yake. Breketi ikitetemeka kuliko bodi, mchawi umeshampata. Injini ya silinda 6 kwenye mizunguko 600 kwa dakika inapiga mara 30 kwa sekunde, na breketi ndefu ya bati jembamba inaitikia kama vyuma vya ilimba.

Usikimbilie mpira laini. Basi moja la njia ya Mbeya nilikata tyubu kuukuu, nikaipachika chini ya kamera, nikajisifu. Stendi picha ilitulia kama imepigwa msumari. Kufika matuta ya Mikumi, kamera ikawa inatikisa kichwa kila tuta, na inaendelea kutikisa hata tuta likishapita. Mpira unazuia mtetemo wa haraka. Ule wa polepole, unaokaribiana na mdundo wa mpira wenyewe, unaukuza. Alichoniambia tajiri sitakiandika hapa. Niliung'oa, nikachomelea breketi fupi ya chuma cha milimita 4 yenye miguu miwili, nikaikaza kwenye fremu ya kioo badala ya bati la dari. Mpaka leo haijanirudisha.

Halafu shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga kwa kila fremu (picha moja moja ya video), na hapa ndipo wengi wanapoliwa. Fremu ikipigwa kwa 1/25 ya sekunde, basi la kilomita 60 kwa saa linasogea karibu sentimita 67 kabla fremu haijafungwa. Namba ya gari lililopaki kando imeshapakwa kama siagi, na hakuna programu ya kuisafisha. Weka 1/500, inabaki sentimita 3 na kidogo. Usiku utailipia kwa giza na chengachenga, kwa hiyo tafuta lenzi inayoingiza mwanga mwingi. Ukiona nguzo zinapinda-pinda kama uji, hilo ni jingine: sensa (kipande cha kamera kinachopokea mwanga) inasoma picha mstari kwa mstari, na kamera inatikisika kabla haijamaliza. Dawa yake ni ile ile, breketi.

Sasa EIS. Isiyo na jairoskopu (kifaa kinachohisi kamera yenyewe inavyogeuka) inalinganisha fremu na iliyotangulia, inakisia picha imehama kiasi gani, inairudisha na kukata kingo. Kamera ya ndani inayoona madirisha makubwa huichanganya: miti inakimbia nje, yenyewe inadhani miti ndiyo imesimama, basi viti na abiria vinaanza kuelea. Kamera ya ndani, izime. Ya mbele, iwashe breketi ikishatulia, na ukinunua nyingine tafuta yenye jairoskopu ndani, maana hiyo haidanganywi na lori linalopita mbele.

Kwa yule mdau wa boti aliyeuliza kama EIS itamtosha, piga hesabu. Lenzi inayoona upana wa digrii 60 kwa picha ya pikseli 1920, boti ikiinama digrii moja picha inahama pikseli 32 tu. EIS inaimudu. Ukivuta karibu mpaka uone digrii 2, digrii hiyo hiyo ni pikseli 960, nusu ya skrini! Kusi likishika, boti inalala zaidi ya digrii moja. Hapo unahitaji kitako chenye mota na jairoskopu. Kuishusha kamera kutoka mlingotini kunapunguza kupepesuka, ila kuinama ni kule kule.

Na zile klipu ulizokwisha kurekodi, ffmpeg (programu ya kuchakata video) yenye vidstab (nyongeza yake ya kutuliza picha) inasaidia: mzunguko wa kwanza inapima mtikisiko, wa pili inausahihisha. Fanyia kwenye nakala. Faili asili usiliguse, watu wa bima watalitaka kama lilivyo.

Piga picha ya breketi yako kwa karibu uiweke hapa, nione imeshikwa wapi.