Jibu: Falsafa ya mtu binafsi bila uchoyo

Umeuliza falsafa ya mtu binafsi itumikeje kwenye maadili, sera na sanaa bila kugeuka uchoyo. Ugumu unaanzia kwenye neno: kwa Kiswahili "ubinafsi" tayari ni lawama. Falsafa hii inasema kipimo ni mtu mmoja mmoja, maana anayeumia siku zote ni mtu fulani. Kwa hiyo haki ya mwenzako ina uzito uleule wa yako. Mchoyo anashika nusu moja tu: haki yake mwenyewe.

Kazi kubwa iko kwenye sera. Mwaka 1859 John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza, aliweka sharti: mtu alazimishwe pale tu anapodhuru wengine. Chukua sheria ya kuvaa helmeti kwenye pikipiki. Nani anaumia isipovaliwa? Kama ni dereva mwenyewe, kwa Mill sheria haina mguu wa kusimamia. Mwonye, mshawishi, basi. Kama ni mtoto aliyepakiwa nyuma, inasimama, kwa sababu Mill aliwaweka watoto nje ya kanuni hiyo. Wengi huteleza wanapoleta hoja ya gharama za hospitali, kwamba jamii nzima ndiyo inayozilipa. Ukihesabu kila gharama ya pamoja kuwa madhara, hata chakula cha mtu kitatungiwa sheria! Dai madhara dhahiri, kwa mtu anayeweza kutajwa.

Kwenye sanaa, usimfanye mchoraji msemaji wa kundi lake. Tazama picha aliyoichora: kwa nini uso ameuacha bila macho, na mikono ameichora hadi kucha? Huo ni uamuzi wake, uujadili huo.