Barua kwa mwanangu aliyeniuliza kama tenisi inachambulika

Mwanangu, marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umeuliza, "Baba, nikizichambua mechi za tenisi vizuri kama wewe, si naweza kubeti nikapata hela ya uhakika? Maana ni watu wawili tu na hakuna sare." Nimeona nisikujibu kwa mistari miwili, hili jambo nimelipitia na limenigharimu.

Hoja yako ina uzito, nami nilianza nayo hiyo hiyo. Ni kweli tenisi inachambulika kuliko mpira, na mtu akiniuliza aanzie wapi namwambia aina ya uwanja kwanza, kabla hata ya majina. Kwenye udongo mpira unapungua kasi na kudunda juu, anayerudisha mipira anapata muda wa kukimbia, kwenye nyasi mpira unateleza chini na mwenye sevu kali (sevu ni ule mpira wa kuanzisha pointi) anakula pointi za chapchap. Sasa watu wengi wanaangalia renki tu, na renki inajumlisha matokeo ya wiki 52 bila kukwambia pointi zimetoka kwenye uwanja gani, kwa hiyo unamkuta mtu kajaza pointi zake zote kwenye udongo halafu anaingia kwenye nyasi mwezi Juni na watu wanambetia kwa sababu ya namba iliyo mbele ya jina lake. Mimi naangalia sevu ya kwanza inaingia mara ngapi, sevu ya pili, ile anayopewa ya kwanza ikikosea, anashinda pointi ngapi (hapo ndo udhaifu wa mtu unapoonekana, sevu ya pili haifichi kitu), na akiwa anapokea anamsumbua mwenzake kiasi gani.

Halafu uchovu. Kwenye Wimbledon 2010, mashindano ya nyasi kule London, Isner na Mahut walicheza saa 11 na dakika 5, siku tatu, seti ya tano ikaisha 70-68. Isner akashinda. Mechi iliyofuata akapigwa na Thiemo de Bakker 6-0, 6-3, 6-2, miguu haikuwepo kabisa. Hiyo haikuhitaji mtaalamu kuiona, ila ndo hapo penye shida mwanangu, kama wewe umeiona na mimi nimeiona, basi na wapanga odi, yaani kampuni za kubeti zinazoweka namba ya kuzidisha dau lako ukishinda, wameiona kabla yetu.

Na hili ndo lilinichukua miaka kulielewa. Nilikuwa najiuliza nani atashinda, najibu vizuri tu, na hela inaisha. Swali lenyewe lilikuwa odi imekosea au haijakosea. Chukua odi ya 1.25, gawanya 1 kwa 1.25 unapata 0.80, yaani anatakiwa ashinde mara 80 katika 100 ndo utoke sare, hujapata hata senti. Wewe una uhakika gani kwamba ni 85 na sio 78? Na mechi ambayo wachezaji wako sawa kabisa utakuta kila mmoja kapewa 1.90, piga hesabu ni karibu 52.6 kila upande, ukijumlisha ni zaidi ya 105. Hizo tano za juu ni za kampuni, umeshaanza nyuma kabla mpira haujarushwa.

Alafu tenisi yenyewe ina tofauti nyembamba sana. Federer alisema mwenyewe mwaka 2024 akiwahutubia wahitimu wa chuo cha Dartmouth, Marekani, kwamba katika mechi 1,526 za singo alishinda karibu asilimia 80, lakini pointi alishinda asilimia 54 tu. Mtu bora vile! Na fainali ya Wimbledon 2019 alipata pointi 218, Djokovic 204, alikuwa na pointi mbili za kumaliza mechi mkononi, kombe likaenda kwa Djokovic. Uchambuzi gani ungekwambia hilo? Nadal naye alikuwa hajawahi kufungwa Roland Garros, mashindano ya udongo kule Paris, mechi 31, mpaka Söderling alipomtoa mwaka 2009. Najua kuna watu siku ile walimweka Nadal kwenye mkeka (mechi kadhaa ndani ya dau moja, lazima zote zishinde) kama "ya uhakika" ya kukuza odi.

Mikeka nakuomba uiogope. Timu tano za 1.20 zinakupa karibu 2.49 na inaonekana rahisi, lakini kama kila mmoja ana nafasi ya 80 kwa 100, wote watano kushinda ni kama 33 kwa 100 tu. (Nimeandika timu, mazoea ya mpira, nilimaanisha wachezaji.) Ukirudia rudia hivyo, kwa kila 100 unayoweka unarudishiwa kama 82.

Mimi kilichoniumiza zaidi ni mchezaji wangu aliyekuwa anaongoza seti moja na breki (yaani kashinda gemu ambayo mwenzake ndo alikuwa anasevu) akaumia akajiondoa, mimi nimekaa nangoja hela. Kampuni niliyobetia sheria yake ilikuwa mwingine ndo mshindi, kwingine wangenirudishia dau, na ilikuwa imeandikwa, mimi sikusoma. Siku hiyo hiyo usiku nikaweka dau kubwa mara tatu kwenye mechi laivu, yaani inayoendelea kuchezwa, ili nirudishe. Laivu wenzako wanapata habari ya pointi kabla picha haijafika kwako, unabeti kitu kilichokwisha tokea. Iliondoka hela ambayo haikuwa yangu peke yangu, mama yako anajua, na nilichelewa sana kumwambia.

Kwa hiyo hela ya uhakika hapana mwanangu. Ila kuchambua nakuruhusu kwa moyo wote, chukua daftari, mechi 100, usiangalie odi kwanza, andika huyu nampa nafasi 65 kwa 100 na sababu, halafu ndo ufungue odi uandike pembeni, bila kuweka hata senti moja. Zikifika 100 niletee tuhesabu pamoja ungekuwa na nini. La kwangu bado ninalo, nitakuonyesha kurasa zote, na zile za usiku ule pia.

Baba yako