Kwa nini mke wa mrithi wa mfalme kazikwa chumba cha pembeni?

SWALI: Habari za kazi dada. Mdogo wangu yuko Ufaransa, juzi kanirushia picha za kikanisa cha makaburi ya ukoo wa Orléans pale Dreux. Kuna sanamu ya mwanamke amelala juu ya kaburi, kanyoosha mkono kupitia kama dirisha hivi mpaka kaburi la jirani. Huyo ni nani, na kwa nini wasimlaze tu na mwenzie? Halafu hicho kikanisa ni cha serikali au bado cha ukoo?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Salama kaka. Huyo ni Hélène wa Mecklenburg-Schwerin, binti wa kifalme kutoka Ujerumani, na huyo jirani ni mumewe Ferdinand-Philippe, mtoto wa kwanza wa Louis-Philippe, mfalme wa Ufaransa kutoka ukoo huo wa Orléans, na ndiye aliyekuwa arithi kiti. Mume alikufa 1842, farasi wa gari lake walitoka nduki akadondoka barabarani akaumia kichwa vibaya. Mke kafia uhamishoni Uingereza 1858. Sasa shida ikawa dini, mama wa watu alikuwa Mlutheri na hata alipoolewa hakubadili, kikanisa ni cha Wakatoliki, kwa hiyo kulazwa mle ndani haikuwezekana. Wakafanyaje? Wakajenga chumba ubavuni chenye mlango wake kabisa, kisha ukuta wa katikati wakautoboa, na mchongaji Henri Chapu akamchonga kalala mkono umepita kwenye uwazi unamfuata mumewe. Sheria ya kanisa haijavunjwa na mke kamfikia mume, mi hapo nawavulia kofia.

Ila kikanisa chenyewe kina machungu zaidi ya hayo. Babu yake mfalme Louis-Philippe kwa upande wa mama, yaani duke wa Penthièvre, alizikwa kwenye kanisa la zamani la Dreux Machi 1793, hata mwaka haujaisha, Novemba wanamapinduzi wa Mapinduzi ya Ufaransa wakavamia wakafukua makaburi na maiti zote za ukoo wakazitupa shimo moja. Bintiye akarudi, na 1816 akaanza kujenga juu ya shimo lile lile, maana ungejuaje tena mfupa upi wa nani? Louis-Philippe alipokuwa mfalme 1830 akakipanua, akaweka vioo vya rangi kutoka kiwanda cha Sèvres, vingine michoro yake kachora mchoraji Ingres, yaani pesa ilitembea. Naye 1848 kiti kikamponyoka, akafia Uingereza 1850, mwili ukaja kuletwa Dreux 1876.

Kuhusu mwenyewe nani, si serikali. Kiko chini ya wakfu unaitwa Fondation Saint-Louis, ulioanzishwa miaka ya 1970 na mkuu wa ukoo wa wakati huo, ngome ya Amboise nayo ni ya wakfu huo huo. Watalii wanaingia kutembea, lakini usidhani imebaki makumbusho tu, maana mkuu mwingine wa ukoo aliyefariki Januari 2019 kazikwa pale pale.