Rangi ya fremu (ukingo wa skrini) kwenye Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980: anwani 53280 au 53281?
Fremu ni 53280. 53281 ni usuli wa ndani, pale yanapokaa maandishi. Washa mashine, andika POKE 53280,0 (POKE huweka thamani kwenye anwani; 0 ni nyeusi) na ukingo wote utakuwa mweusi papo hapo, katikati pakibaki buluu.

Angalizo moja: hizo ni rejista za chipu ya michoro, VIC-II ($D020 na $D021, anwani zilezile kwa heksadesimali), si kumbukumbu ya kawaida. Umeweka 0, lakini PEEK(53280), amri ya kusoma anwani, inakurudishia 240, kwa sababu biti nne za juu hazitumiki na husomeka 1 daima. Soma PEEK(53280) AND 15 ili ubaki na biti nne za chini tu. Ili kupima muda wa rutini (kipande cha programu) ya lugha ya mashine, mimi hutumia INC $D020 (ongeza moja) mwanzoni mwake na DEC $D020 (punguza moja) mwishoni: mkanda wa rangi unaotokea ukingoni ndio muda uliotumika.

Kwenye VIC-20, kompyuta nyingine ya Commodore, usizijaribu anwani hizi, kule ni 36879 kwa fremu na usuli pamoja.