Pima kutoka katikati: kosa la amplitudo lililonipa jina la utani

Juzi binti mmoja wa Kidato cha Tatu kule Kayole aliniandikia: "Kaka, wimbi nimelichora vizuri, nikapima kwa rula, na bado nimekatwa alama. Nimekosea wapi?" Akatuma na picha. Alikuwa amepima kutoka kileleni hadi bondeni, sentimita 6, akaandika amplitudo ni 6. Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Kosa hilo tunajuana.

Nilipolifanya mimi, mwalimu alisoma jibu langu mbele ya darasa zima. "Umepima wimbi au umepima mlingoti wa bendera?" Watu wakavunjika mbavu. Nilipokosea hakunionyesha, alinirushia karatasi tu. Hadi leo nikikutana mjini na wale niliosoma nao, naitwa Mlingoti. Najifanya nacheka.

Nilielewa likizoni, nyumbani, kwa kamba ya kuanikia nguo. Ikitulia, pale ilipo ndipo katikati. Ukiitikisa, inapanda juu ya hapo na kushuka chini kiasi kilekile. Amplitudo ni kutoka pale katikati hadi kileleni. Au hadi bondeni, ni mamoja. Kwa hiyo binti yetu alitakiwa kuandika 3. Tena usiichanganye na marudio, yaani mara ngapi kamba inatikisika kwa sekunde. Katika sauti, marudio ndiyo hufanya sauti iwe nyembamba au nzito. Amplitudo hufanya iwe kubwa au ndogo.

Leo Mlingoti anatengeneza amplifaya, zile mashine za kukuza sauti, Luthuli Avenue, Nairobi, na osiloskopu, kifaa kinachochora wimbi la umeme kwenye skrini, iko mezani pake. Nayasema haya makusudi.

Lakini nako nilipigwa. Makanga mmoja aliniletea mashine ya muziki ya matatu yao: "Fundi, hii wimbi iongeze mara mbili, abiria waskie." Nikaongeza, nikalipwa, nikajiona bingwa. Siku mbili baadaye amerudi na spika kwapani, koili imeungua, inanuka plastiki iliyochomeka. Nilikuwa nimesahau kwamba nishati ya wimbi hufuata mraba wa amplitudo: ukiongeza amplitudo mara mbili, nishati inakuwa mara nne. Spika ile haikuumbwa kubeba mara nne. Niliilipa mimi, na makanga akanitangazia sifa mtaa mzima.

Sasa nyinyi mnaotaka uhandisi, na najua mko wengi mnaosoma hapa, acheni kukariri maana kama kasuku. Chora mstari wa katikati kabla ya kugusa rula. Swali likija na mchoro usio na mstari huo, uchore mwenyewe. Chora mstari! Hata stima iko hivyo, maana nayo hupanda na kushuka kama wimbi: zile volti 240 za soketi si kilele chake, kilele kinafika kama 339, na fundi anayesahau hilo hupasua kapasita, kile kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme.

Jana binti amenitumia mchoro mpya. Mstari wa katikati ameupiga kwa kalamu nyekundu, mnene kiasi kwamba wimbi lenyewe unalitafuta.